Paja Anasema: Ngoja Kwanza

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo tuna habari za Paja.

Paja ni paja kweli, la mguu wa kulia, la mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli. Kwenda na kurudi kila siku, na njia ina mlima. Jumamosi moja mtoto akaona hiyo haitoshi. Akafunga madumu mawili ya maji kwenye keria, akayapeleka kwa bibi. Akarudi, akafunga mengine, akapeleka tena. Jumapili asubuhi alipotaka kushuka kitandani, akasikia sauti.

"Ngoja kwanza."

"Nani huyo?"

"Mimi, Paja. Ngoja kwanza. Nina kazi."

"Kazi gani, na wewe umelala tu?"

Mnacheka? Msicheke. Hata watu wazima hudhani mguu unafanya kazi pale tu pedeli inapozunguka. Paja ana kazi mbili. Ya kwanza ni kunyonga baiskeli. Ya pili huifanya baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani.

Mmeuona ukuta wa udongo baada ya mvua kubwa? Hauanguki, lakini hapa na pale umebanduka. Baba huchukua udongo na maji, akaukandika upya, na pale palipokuwa dhaifu huongeza kidogo. Kisha anauacha ukauke. Paja naye ndivyo alivyo. Ndani yake mna nyuzi nyembamba mno za msuli. Ukipanda mlima na mzigo kupita ulivyozoea, baadhi ya nyuzi hizo hubanduka kidogo, mahali ambapo jicho haliwezi kuona. Mwili huanza kukandika, nao huongeza kidogo. Ndiyo maana mwezi ujao mlima uleule utakuwa mwepesi. Lakini mvua nyingine ikinyesha kabla udongo haujakauka?

"Unamomonyoka!"

Ahsante. Ndiyo maana Paja anasema: ngoja kwanza.

"Lakini mjomba, kaka anasema maumivu ya kesho yake ni asidi iliyobaki miguuni."

Swali zuri sana hilo! Mtoto anayeuliza hivi ananifurahisha kuliko aliyenyamaza akaitikia tu. Kaka yako hajakosea yote. Unapopanda mlima kwa nguvu, miguu huwaka, na wakati huo asidi ya laktiki huongezeka mwilini. Ukishapumzika saa moja hivi, karibu yote imekwisha kuondoka. Sasa ya Jumamosi ingekuumizaje Jumapili? Maumivu ya kesho yake, ambayo mara nyingi huzidi siku ya pili, ni ya ukuta unaokandikwa. Siku chache tu, nayo hupoa.

Kuna na uzito. Miguu haiumi, ila mizito, haitaki kwenda. Hapo Paja ana njaa. Msuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, inayotokana na vyakula kama ugali, ndizi, wali na viazi vitamu. Safari ngumu ya saa mbili inaweza kuimaliza karibu yote, na kuijaza tena huchukua kama siku nzima, hata ukila vizuri. Kwa hiyo ukifika nyumbani usikimbilie mpira na tumbo tupu. Kunywa maji, kula kiazi. Na udongo wa kukandikia je? Huo unatoka kwenye maharage, dagaa, mayai na maziwa. Sahani ya ugali na dagaa inamtosheleza Paja pande zote mbili, wala haihitaji duka la mjini.

Fundi mwenyewe anapenda usiku. Ukilala usingizi mzito, mwili hutoa homoni ya ukuaji kwa wingi, ile inayokurefusha na kusaidia kutengeneza misuli. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kila siku. Anayekesha na simu ya mama anamnyima fundi muda wa kazi.

"Mjomba, na mabingwa nao hupumzika?"

Sana! Mnamjua Biniam Girmay wa Eritrea? Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za mashindano ya baiskeli ya Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua yoyote katika mashindano hayo. Tour de France ina hatua 21, na ndani yake hutengwa siku mbili za mapumziko. Siku hizo waendeshaji hawalali kutwa. Hupanda baiskeli saa moja au mbili, taratibu.

"Mbona wanaendesha, na ni mapumziko?"

Kwa sababu mguu ukizunguka polepole, damu hupita vizuri na ule ukakamavu hulegea. Nanyi mnaweza. Shika njia tambarare, giya nyepesi, bila dumu, bila kushindana na mtu. Ukiweza kusimulia hadithi nzima bila kuhema, mwendo ni huohuo. Ukianza kuhema, Paja atakwambia: ngoja kwanza.

Jambo moja halina kungoja. Uchovu huwa kwenye mapaja yote mawili, na ni maumivu butu. Goti moja likichoma, likavimba, au ukachechemea, mwambie mzazi siku hiyohiyo ukaonwe kituo cha afya.

"Mimi magoti huchoka yote mawili, hata pasipo mlima."

Wacha nikuone ukikaa. Panda, mimi nashika usukani. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Unaona goti lako lilivyokunjika? Kiti kiko chini mno. Kingekuwa sawa, hapo mguu ungenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo tu. Leta spana, tukipandishe.