Kujua PIN Si Kurithi: Pesa Zako Zitaifikiaje Familia?

Tuseme mama mmoja wa Molo amefiwa na mumewe Jumamosi. Mzee alikuwa anauza viazi, na malipo ya magunia ya mwisho bado yako kwa simu yake. Mama anaijua PIN. Jumatatu mochari wanataka pesa, kwa hivyo anaenda kwa wakala na kutoa. Nani atamlaumu?

Sheria inaweza. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini. Adhabu ni faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na kwa kawaida anayeleta maneno si polisi. Ni shemeji, au mtoto wa ile nyumba nyingine.

Njia halali huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja walioachwa. Ndipo familia inaenda kortini, iwe Molo, Nakuru au Naivasha, kuomba usimamizi wa mirathi. Ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi wana siku 30. Kuthibitishwa ili mali igawanywe huchukua miezi 6 mingine. Kwa Waislamu mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na Nakuru ina korti ya Kadhi.

Ndiyo, ni safari ndefu. Lakini kinachotusumbua zaidi ni pesa ambazo familia haijui hata ziko wapi. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5 huhesabiwa kuwa haina mwenyewe, na chini ya sheria ya 2011 pesa hizo hupelekwa kwa mamlaka ya UFAA. Hazipotei, warithi wanaweza kuzidai, lakini utadai vipi kitu usichojua kipo?

Kwa hivyo chukua karatasi leo. Andika benki zako, Sacco, chama, laini zote za simu, na wanaokudai. PIN usiandike! Mwambie mtu mmoja unayemwamini karatasi iko wapi.

Kisha wosia. Ukiwa na miaka 18 na akili timamu unaweza kuuandika mwenyewe. Weka sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao ukiwaona. Usimchukue mrithi awe shahidi, kwa sababu anaweza kukosa alichoachiwa. Wosia wa mdomo pia upo, mbele ya mashahidi wawili, ila unafaa tu ukifariki ndani ya miezi 3 baada ya kuutoa. Mzee aliyesema "shamba ni la Kamau" miaka kumi iliyopita hakuacha wosia.

Kuna jambo moja watu wengi huchanganya. Jamaa wa karibu uliyemjaza kwenye fomu ya benki ni mtu wa kupigiwa simu tu, hajawa mrithi. Sacco ni tofauti: sheria ya vyama vya ushirika inairuhusu kumlipa moja kwa moja yule uliyemteua. Wengi walijaza fomu hiyo wakiwa bado hawajaoa au kuolewa, wakaandika jina la mama au la mchumba wa zamani. Ukipita ofisi ya Sacco wiki hii, uliza yako ina jina la nani.