Utangulizi: Tezi ya Mama Mzazi

Mtoto akizaliwa Toronto, siku ya kwanza au ya pili hudungwa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi. Miongoni mwa yanayotafutwa humo ni upungufu wa homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni. Mama yake hapimwi tezi hiyo kwa desturi. Fani ninayowakaribisha, ya tezi ya mama aliyejifungua, inaanzia hapo.

Paul Walfish wa Hospitali ya Mount Sinai, mmoja wa waanzilishi wa upimaji wa watoto jijini humo, aliwageukia pia mama zao. Mwaka 1992 yeye na wenzake walichapisha matokeo: takriban wazazi 6 katika kila 100 walipata hitilafu ya tezi baada ya kujifungua. Miaka 10 kabla, Nobuyuki Amino na wenzake walikuwa wameona kiwango kama hicho Japani.

Mimba hutuliza kinga ya mwili. Mama akishajifungua, kinga huamka kwa kishindo, na kwa baadhi yao huishambulia tezi. Tezi iliyojeruhiwa huvujisha homoni: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. (Mwanafunzi asikimbilie dawa za kuzuia utengenezaji wa homoni, hapa inamwagika iliyokwisha kutengenezwa.) Akiba ikiisha, hali inageuka: uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, huzuni. Wengi hupona ndani ya mwaka. Wengine humeza levothairoksini maisha yao yote.

Arobaini yetu na miadi ya daktari ya wiki ya 6 huangukia karibu wakati mmoja. Ugonjwa huu hauna haraka hiyo. Awamu ya pili, ile ya uchovu, huja kwa kawaida kati ya mwezi wa 4 na wa 8, shangazi aliyekuja kusaidia amesharudi kwake, na mama akilalamika uchovu huambiwa, “Ndiyo kulea huko, mwanangu.”

Basi kwa nini wasipimwe wote? Kipimo ni kichupa kimoja cha damu. Tatizo ni tarehe. Leo majibu mazuri, baada ya miezi 2 mabaya. Ndiyo maana upimaji huwalenga walio hatarini, kama wenye kisukari cha aina ya 1, ambao hatari yao ni takriban mara 3 ya mama wengine, pamoja na wenye sonona. Hili la sonona ningelitilia mkazo zaidi: mama asiandikiwe vidonge vya huzuni miezi na miezi bila mtu kuitazama tezi yake.