Je, Wajua? Koti Kuukuu Huzaa Koti Jipya

Lilisagwa mwaka 1813

Ulaya ilikuwa vitani na Napoleon, na sufu ilikuwa imeadimika. Benjamin Law, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Batley, Yorkshire, Uingereza, akachukua matambara ya sufu, akayachanachana hadi yakarudi kuwa nyuzi, akazichanganya na sufu mpya na kufumisha kitambaa kizima. Leo kampuni kubwa za mavazi huzungumzia kutengeneza nguo kutokana na nguo kana kwamba wazo limezaliwa juzi. Kumbe lina zaidi ya miaka 200!

Utamu zaidi: mabaki ya viwanda hivyo, zile nyuzi fupi zisizofaa hata kusokotwa, yalichukuliwa na wakulima wa jirani wakarutubishia mashamba ya rubarbi, mmea wa mabua mekundu yenye uchachu. Sufu ina nitrojeni nyingi na huiachia udongoni polepole. Koti la bwana mkubwa likaishia kwenye sahani ya kitindamlo.

Prato hutoa kitambaa chekundu bila pipa la rangi

Katika mji wa Prato, karibu na Florence nchini Italia, wapo mafundi ambao tangu karne ya 19 kazi yao ni kuchambua matambara ya sufu. Fundi hukaa mbele ya lundo la sweta na makoti. Anavuta moja, anaisugua kidogo kwa vidole, na tayari anajua: hii sufu tupu, hii imechanganywa na nailoni, hii ni kashmiri. Kisha unafuata mkasi. Vifungo, zipu, lebo, bitana, vyote chini.

Kinachobaki hupangwa kwa rangi, na hapo ndipo ufundi ulipo, kwa sababu nyekundu haiwi moja. Kuna damu ya mzee, kuna nyekundu ya tofali, kuna ile iliyopaushwa na jua. Nyuzi za marundo hayo zikichanganywa kwa vipimo, hutoa rangi ileile aliyoagiza mteja, bila kuchovya chochote kwenye rangi mpya. Kutia rangi ni kati ya hatua zinazokula maji na kemikali nyingi zaidi katika utengenezaji wa nguo, kwa hiyo kuiruka ni faida kubwa kwa mito na kwa mfuko wa mwenye kiwanda. Siku hizi zipo mashine zinazotambua aina ya nyuzi kwa mwanga, nazo ni za ajabu kweli. Lakini vidole vya Prato vilitangulia, na bado viko kazini.

India, koti huingia likiwa limekatwa makusudi

Makoti ya sufu yanayokwenda Panipat, kaskazini ya Delhi, huchanwa kwa visu kabla ya kuruhusiwa kuingia nchini. Sheria ya forodha inataka hivyo, asije mtu akayauza kama mavazi na kuwaharibia soko washonaji wa ndani. Panipat huyasaga na kuyageuza mablanketi, na kwa miongo mingi mashirika ya misaada yamekuwa yakinunua mablanketi hayo kwa ajili ya wakimbizi na wahanga wa matetemeko.

Mwaka 2012 Meghna Gupta alitoa filamu fupi, *Unravel*, kuhusu wanawake wanaoyachana makoti hayo. Wanashangaa nguo nzima namna ile zinatupwa kwa nini, na baadhi yao wanakisia kwamba huko zinakotoka maji lazima ni ghali mno, ndiyo maana watu hawazifui. Mimi naona kukisia kwao kuna akili zaidi kuliko ukweli wenyewe.

Noti ya dola iliwahi kuwa suruali ya jinzi

Dola ya Marekani haitengenezwi kwa mti. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25. Kampuni ya Crane ya Massachusetts, inayotengeneza karatasi ya noti hizo tangu 1879, ilikuwa ikipata sehemu ya pamba yake kutoka kwenye masalia ya kitambaa cha jinzi. Kisha ikaja mitindo ya jinzi za kubana. Kuanzia miaka ya 1990 jinzi nyingi zaidi na zaidi zikawa na spandeksi, ule uzi unaovutika kama mpira, nao ukipenya kidogo tu huharibu karatasi ya noti. Crane ikalazimika kutafuta pamba kwingine.

Ndivyo ilivyo pia kwa nguo za kawaida. Asilimia 2 tu ya spandeksi ndani ya suruali ya pamba inatosha kumpa shida anayetaka kuirudisha kuwa uzi.

Haifiki hata asilimia 1

Taasisi ya Ellen MacArthur ilipopiga hesabu mwaka 2017, ilikuta kwamba katika malighafi yote inayotengenezewa nguo duniani, inayorudi kuwa nguo mpya haifiki asilimia 1. Kila sekunde, shehena ya lori zima la nguo na vitambaa inachomwa au kufukiwa dampo. Kwa saa moja, malori 3,600.

Fulana ya "plastiki iliyorejelezwa" ilikuwa chupa

Patagonia ya Marekani ilianza kuuza majaketi yaliyotokana na chupa za soda mwaka 1993, na mpaka leo karibu poliesta yote iliyorejelezwa asili yake ni chupa. Chupa ingeweza kuwa chupa tena na tena. Ikishageuzwa fulana, mara nyingi safari yake inaishia hapo.

Dawa ya poliesta ilikuwa kwenye majani yaliyooza

Mwaka 2012 wanasayansi wa Japani walieleza kimeng'enya walichokipata katika mboji ya majani, chenye uwezo wa kumeng'enya plastiki ya chupa, ambayo ndiyo hiyohiyo poliesta ya mashati. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, wakakinoa, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba kinavunja asilimia 90 ya plastiki hiyo kwa saa 10, katika nyuzijoto 72 za Selsiasi. Ni kama kuloweka maharage usiku na kuyakuta asubuhi yamelainika! Mwaka 2024 kampuni iliyoshirikiana nao, Carbios, ilionyesha shati lililotengenezwa lote kwa mabaki ya nguo. Shati limezaa shati, bila chupa kuingilia kati.

Ufaransa hukuchangia fedha ya fundi

Tangu mwishoni mwa 2023, Mfaransa akipeleka nguo au viatu kwa fundi aliyesajiliwa hupunguziwa bei (mpango ulipoanza, kati ya euro 6 na 25), na fedha hiyo hutoka kwenye michango ya kampuni zinazouza nguo. Anayeuza anachangia kushona kinachochanika: sheria ya haki kabisa.

Gikomba wana daraja liitwalo fagia

Belo la mitumba likifunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo nzuri kuliko zote huitwa kamera, na wateja huzigombania kwa bei ya juu. Chini kabisa kuna fagia, zilizochanika au zenye madoa yasiyotoka. Katikati hapo wamo mafundi cherehani: suruali ya kiuno cha jitu inapunguzwa hadi imkae kijana, jinzi iliyopasuka magoti inakatwa kuwa kaptura, fulana zilizochoka zinakuwa matambara ya kufutia mikono gereji. Africa Collect Textiles, shirika linalofanya kazi huko huko Nairobi, hukusanya nguo zisizovalika tena na kuzigeuza mazulia na mikoba.

Tangu Januari 2025 nchi zote za Umoja wa Ulaya zinalazimika kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine. Maana yake ni nguo nyingi zaidi zitakazotafuta pa kwenda, na sehemu yake itateremshwa Mombasa na Dar es Salaam. Kamera haijawahi kukosa mnunuzi. Natamani sana kuona mashine ya kusaga nyuzi ikifungwa karibu na Gikomba, na fagia nayo ipangiwe bei kwa kilo.