Punda Mwoga Hufunzwaje Kurudi Nyuma?

Kumfunza punda kwenda mbele si kazi kubwa. Ugumu huanza pale mwenyewe anapotaka mambo mapya: arudi nyuma hatua mbili aingie katikati ya mipini ya mkokoteni, asogeze makalio pembeni bila kumkanyaga mtu, asimame tuli mitungi minne ya lita 20 ikifungwa mgongoni, yaani kilo 80 za maji. Ulaya farasi hufunzwa hatua kama hizo kwa ajili ya mashindano ya dresaji, kwenye kiwanja cha mchanga cha mita 20 kwa 60, majaji wakiwa wameketi na kalamu zao. Punda wa Machakos, Kenya, hufanya mtihani wake kando ya barabara ya kwenda Wote, bodaboda zikimpita na turubai la kibanda likipigwa na upepo.

Wengi hufaulu. Ila hakosekani yule mmoja anayeshtukia kila kitu. Mtungi ukigonga jiwe anaruka; gunia geni likitundikwa kwenye ua anagoma kupita. Huyo huitwa mbishi, na dawa anayopewa ni fimbo. Wanasayansi wa tabia za wanyama wanasema anasingiziwa. Anaogopa, na akichapwa hujifunza kuogopa zaidi.

Kinachofanya hofu yake ifanane na ubishi ni nasaba. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa jeni za punda wa sehemu nyingi za dunia, ulioshirikisha maabara ya Ludovic Orlando huko Toulouse, Ufaransa. Ulionyesha kwamba punda wote wafugwao wanatokana na ufugaji mmoja ulioanza Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo punda yuko nyumbani hapa kuliko mbuzi, ambaye asili yake ni Asia ya Magharibi. Punda mwitu waliomzaa waliishi kwenye nchi kame ya mawe na nyasi za kuokoteza, wametawanyika. Huko, anayetimua mbio ovyo huvunjika mguu au humaliza nguvu alizozipata kwa taabu. Pundamilia wa nyanda za Athi akishtuka hukimbia na kundi lake. Punda husimama kwanza, akatazama, akapima. Shingo iko juu, masikio yameelekea mbele, pua zimepanuka, miguu imekita ardhini. Anayemtazama kwa mbali atasema amegoma, kumbe moyo unamwenda mbio.

Huenda msomaji akauliza mbona hatumwoni farasi akivuta maji Ukambani. Sababu moja ni maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na visubi wadogo wanaouma usiku. Farasi wengi wakiyapata hufa. Pundamilia huyabeba bila kuumwa, na punda kwa kawaida hustahimili. Nazo tafiti nyingi za hofu zimefanywa kwa farasi wa ng'ambo, na sisi huku tunaziazima kwa ajili ya binamu yao, punda.

Tuanze na macho. Jicho la punda liko ubavuni mwa kichwa, na mboni yake imelala. Akiwa amesimama palepale huona karibu duara zima, nyuzi zipatazo 350. Kipande asichokiona ni kile cha nyuma ya mkia na kile kilicho mbele ya paji la uso. Sasa fikiria unamtaka arudi nyuma kwenye mkokoteni. Unamsukuma kuelekea mahali asipopaona, huku vyuma vikigongana hukohuko. Watu husema asante ya punda ni mateke; mengi ya mateke hayo hupigwa kwa sababu mtu alijitokeza pale jicho lisipofika. Mwendee kutoka begani ukisema naye, na mkono usiuondoe mwilini mwake unapozunguka kwenda nyuma.

Liko jambo jingine kuhusu kuona ambalo kila mchota maji amelishuhudia. Punda hupita salama karibu na pipa la buluu akienda mtoni, kisha wakati wa kurudi anashtuka kwa pipa lilelile. Zamani walimu wa farasi walidai kwamba jicho la kulia haliambii la kushoto lilichokiona. Evelyn Hanggi, Mmarekani, alilipima dai hilo na mwaka 1999 akaonyesha kwamba halina msingi: farasi akifunzwa jambo kwa jicho moja hulijua kwa la pili. Maelezo ya karibu zaidi yalikuja mwaka 2021, watafiti wa chuo kikuu cha Colorado State, akiwamo Temple Grandin, walipowazoesha farasi chombo kikubwa cha plastiki cha kuchezea watoto. Walipokizoea, kikageuzwa upande mwingine, na farasi wakakishangaa kama kitu wasichowahi kukiona. Pipa la kurudia, basi, ni pipa jipya. Mpitishe pande zote mbili, bila haraka.

Somo lenyewe la kurudi nyuma linasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni kuachilia. Shika hatamu chini ya kidevu, uikaze kidogo kuelekea kifuani mwake, kisha utulie. Usivute kwa mshtuko. Atajaribu majibu kadhaa: atainua kichwa, atasogea mbele, atasukuma mkono wako. Wewe shikilia vilevile. Kuna dakika uzito wake utahamia miguu ya nyuma, hata ukwato haujainuka. Hapo legeza mara moja. Aliyekawia sekunde tatu amechelewa, maana punda atakuwa ameshafanya jambo jingine na atadhani hilo ndilo lililomletea nafuu. Mara ya pili ngoja ukwato mmoja unyanyuke, baadaye hatua nzima, baadaye mbili. Makalio nayo husogezwa hivyohivyo, kwa vidole viwili ubavuni. Ngozi inayomhisi nzi haihitaji rungu.

Fimbo huharibu hesabu hii yote. Punda akisimama anachapwa, akisogea bado anachapwa kwa kuwa mkono wa mwenye fimbo haukuwahi kusita. Hakuna jibu linalomletea nafuu, kwa hiyo hakuna jibu la kujifunza.

Kwa hofu yenyewe, jaribio ninalolipenda lilifanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2006. Janne Winther Christensen na wenzake waliwaonyesha farasi wachanga wa kiume mfuko mweupe wa nailoni unaopeperuka. Wengine waliwekwa mbele yake moja kwa moja hadi wazoee, wengine walipewa chakula ukiwa karibu, wengine wakaletewa hofu hiyo kidogokidogo, hatua kwa hatua. Kundi la mwisho ndilo lililofaulu lote na kwa vipindi vichache. Katika makundi mengine walikuwapo walioshindwa kabisa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na nina hakika punda waoga walinufaika bila kuulizwa, ila maturubai na magunia ya nailoni yangalipo. Mwaka 2008 mtafiti huyohuyo alionyesha kwamba farasi mwoga akiwekwa na mwenzake aliyetulia, mapigo ya moyo wake hayapandi sana. Mfunze basi mwoga wako akiwa pamoja na yule mzee asiyejali kitu.

Wala usidhani wewe huhesabiwi. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009 watu waliambiwa kwamba, wakimpitisha farasi mahali fulani, mwavuli ungefunguliwa ghafla. Haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nao.

Na mpumzishe. Watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 1980 kwamba farasi wadogo waliofunzwa mara moja kwa wiki walilishika somo kwa vipindi vichache kuliko waliofunzwa kila siku.

Kabla ya yote hayo, mvue shogi umkague: vidonda vya mgongo, kwato zilizopasuka, meno, kamba inayokata chini ya mkia. Maumivu hujifanya hofu, na mafunzo hayatibu kidonda. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Kati ya 2016 na 2018 zaidi ya punda 300,000 walichinjwa katika machinjio ya kibiashara nchini, mojawapo likiwa hapahapa Machakos, ngozi zikaenda China. Kumpoteza punda aliyebaki kwa kumfanya kichaa wa fimbo ni hasara isiyo ya lazima. Anayeshinda naye njiani mara nyingi ni kijana wa nyumbani, na kilichoandikwa hapa kina faida akikijua yeye. Wenye punda, waonyesheni vijana wenu namna ya kuilegeza hatamu kabla hamjawapa fimbo.