Mahindi Yanapoingia Tangini

Chukua busheli moja ya mahindi ya jimbo la Iowa, Marekani, kama kilo 25. (Ni ya njano, si yale meupe tunayosongea ugali.) Kiwandani husagwa, huchemshwa na kutiwa chachu, hadi wanga wake unageuka lita 10 na ushei za ethanoli. Hubaki machicha, kilo saba au nane zenye protini nyingi, na wafugaji huyagombania. Kwa hiyo wanaodai kwamba mahindi hayo yote huishia kwenye moshi wa magari wanatia chumvi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2005, iliyokazwa mwaka 2007, iliwalazimisha wauza mafuta kuchanganya petroli na nishati ya mimea. Mahindi yakapata mnunuzi asiyeulizia bei.

Mkulima wa Iowa kwa kawaida hupokezanisha mahindi na soya: soya haidai mbolea ya naitrojeni, na kubadilisha zao huwakosesha chakula wadudu wala mizizi. Lakini kabla ya kupanda huwa ameshatazama bei za soko la mazao la Chicago na kupiga hesabu: zao lipi litalipa zaidi? Mwaka 2007 jibu lilikuwa wazi. Kote Marekani mahindi yaliruka kutoka ekari milioni 78 hadi zaidi ya milioni 93, na soya ikapoteza ekari zipatazo milioni 10. Wengi walirudishia mahindi pale pale yalipovunwa, wakakubali gharama ya mbolea. Soya ikaadimika, bei yake ikapaa, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya ekari zile ikarudi kwake. Anayetafuta athari za ethanoli kwenye mahindi peke yake huikosa nusu ya habari.

Ukame wa mwaka 2012 ndio ulioonyesha nani anabanwa. Busheli ilipita dola 8, ilhali mwaka 2005 ilikuwa kama dola 2. Baadhi ya viwanda vilisimamisha kazi, na magavana kadhaa wakaomba sharti la kuchanganya lilegezwe. Mwezi Novemba mamlaka ya mazingira ikakataa. Mavuno yalikuwa yamepungua, sharti likabaki pale pale. Waliojifunga mkanda ni wafugaji, waliopunguza mifugo, na wanunuzi wa ng'ambo: mahindi yaliyosafirishwa nje yakashuka hadi kiwango ambacho Marekani haikuwa imekiona kwa miongo kadhaa.