Trekta Lililotumika kwa Shamba Dogo: Mambo ya Kuzingatiwa na Mnunuzi wa Ngerengere

Ngerengere, mji mdogo wa reli ulioko mashariki ya Morogoro, umo katika nchi ya mbuga na miinuko midogo, ambayo kwa kilimo cha trekta inatofautiana kabisa na Milima ya Uluguru iliyoko upande wa machweo. Mlimani, katika maeneo kama Mgeta na Matombo, miteremko ni mikali kiasi kwamba jembe la mkono na matuta ya kuzuia mmomonyoko ndivyo vinavyofaa, na trekta likipandishwa huko huhatarisha roho ya dereva na kuulegeza udongo uchukuliwe na maji. Huku tambarare, mkulima wa mahindi, ufuta au mtama mwenye ekari kumi au ishirini ana sababu nzuri ya kufikiria kumiliki trekta, na kwa kuwa bei ya trekta jipya haiwezi, macho yake huelekea kwenye lililokwishatumika, ambalo mara nyingi lina umri wa miaka thelathini au zaidi. Makala haya yanaeleza namna ya kulichagua, na yanasimamia hoja moja, kwamba trekta kuukuu lipimwe kwanza kwa muda ambao litakaa limesimama siku litakapoharibika, ndipo yafuate mambo ya nguvu ya injini na bei.

Muda huo una uzito kwa sababu ya majira. Mvua za vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba, masika hushika Machi hadi Mei, na vuli katika upande huu wa mkoa ni mvua za kubahatisha zinazoweza kukatika mapema. Ardhi iliyokauka kiangazi kizima haikubali kulimwa vizuri hadi inyeshewe, na ikishanyeshewa mkulima ana wiki chache tu za kulima, kupiga haro na kupanda. Trekta likiharibika pampu ya dizeli mwanzoni mwa Novemba, kisha likasubiri kipuri kiagizwe nje ya nchi, mwenye nalo amepoteza msimu, hata kama kipuri chenyewe ni cha bei ndogo. Kwa hiyo maswali ya kwanza ya mnunuzi yahusu fundi na duka: ni nani mjini Morogoro anayelijua trekta la aina hii, na je, vipuri vyake vinapatikana mjini humo au Kariakoo, Dar es Salaam, kwa safari ya siku moja? Safari hiyo imekuwa nyepesi zaidi kwa mkazi wa Ngerengere tangu treni ya SGR, yenye kituo hapo, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024.

Historia ya nchi inatoa ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, na kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, ilinunuliwa mitambo iliyokwishatumika, mingi ikiwa ni mabaki ya vita. Kabla ya mwaka huo kwisha, sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imelala karakana, kwa kuwa vichaka na udongo mgumu viliichosha kuliko ilivyotarajiwa, aina zilikuwa nyingi zisizochangia vipuri, na mafundi walikuwa wachache. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951. Miongo iliyofuata ilileta mawimbi mengine: Valmet za Finland zilizounganishwa Kibaha katika miaka ya 1980, Farmtrac na New Holland kutoka India zilizouzwa na SUMA JKT baada ya kutangazwa kwa mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, na hatimaye Ursus za Poland, zilizounganishwa pia Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Kila wimbi liliacha matrekta vijijini, na kila lilipopoa, vipuri navyo vikapungua sokoni. Valmet la miaka ya 1980 lilikuwa chombo imara, lakini jina hilo lenyewe lilishabadilika kuwa Valtra, na mkulima mdogo atakayelinunua leo kwa kuvutiwa na bei yake atajikuta akichongesha vipuri kwa fundi wa leti.

Massey Ferguson ndilo linaloibuka na alama nyingi katika kipimo hiki. MF 135, lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964, linatumia injini ya Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 2.5 na nguvu ya farasi wapatao 45, na injini ya ukoo huohuo ikarithiwa na MF 240 lililokuja baadaye; MF 165 lina silinda nne na farasi wapatao 60, nalo likafuatwa na MF 265 na MF 275. Kampuni za TAFE ya India na Millat ya Pakistan ziliendelea kuunda matrekta ya familia hii kwa leseni, na hiyo ndiyo sababu gasketi, nozeli, sahani za klachi na ringi zake bado zinatengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya kuvumilika. Isitoshe, silinda za injini hizo zina layina, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambalo likiisha huondolewa na kuwekwa jingine, bila kuitupa bloku yote.

Ford 5000 na Ford 6600, ambazo nazo zina sifa ya nguvu na uvumilivu, zina tofauti ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Silinda zake zilichongwa moja kwa moja ndani ya bloku, bila layina, na rejeta ikijazwa maji matupu miaka nenda miaka rudi, bila dawa ya kuzuia kutu, ukuta wa silinda hutoboka vitundu vidogo kutokea upande wa maji. Maji hupenya ndani ya silinda usiku trekta likiwa limelala, na asubuhi injini hukataa kuzunguka au hutoa moshi mweupe mzito. Bloku ya namna hiyo yaweza kuokolewa kwa kuchongwa na kuvishwa layina, lakini hiyo ni kazi ya karakana kubwa na ya gharama. Mnunuzi wa Ford afungue mfuniko wa rejeta kabla ya jambo lingine lolote: maji mekundu ya kutu ni sababu tosha ya kushusha bei kwa kiasi kikubwa, au kuondoka.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Plau ya sahani tatu, ambayo ndiyo ya kawaida nchini, hukata upana wa karibu mita moja. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, na ukiondoa muda wa kugeuza kichwani mwa shamba, litalima takriban ekari moja kwa saa. Plau hiyo huhitaji trekta la farasi 50 hadi 75, hivyo MF 135 litaimudu plau ya sahani mbili kwa raha na ya sahani tatu kwa taabu, hasa katika udongo mweusi wa mabondeni, ambao ukilowa hunasa na ukikauka huwa mgumu wa kupasuka nyufa. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba shamba la ekari kumi humalizika kwa siku mbili, na trekta hubaki bila kazi siku nyingine zote za msimu, isipokuwa mwenye nalo awe na tela la kubebea mazao, mashine ya kupukuchulia mahindi, au majirani wanaolipa kulimiwa. Pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloshikwa kwa mikono, lingeonekana kuwa jibu, lakini nguvu yake ya farasi 12 hadi 16 inafaa zaidi majaruba ya mpunga kuliko ardhi kavu yenye visiki na vichuguu.

Ukaguzi wenyewe huanza kabla injini haijawashwa. Muuzaji aombwe mapema asiliwashe trekta siku hiyo, na mnunuzi akifika aweke kiganja juu ya bloku. Akikuta joto, arudi siku nyingine. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, bali huwaka kwa sababu hewa inayokandamizwa ndani ya silinda hupata joto la kutosha kuunguza mafuta yanayorushwa na nozeli. Ringi za pistoni zikiisha, hewa huvuja, joto halitoshi, na injini iliyopoa huwaka kwa shida. Ikishapata moto huficha ugonjwa huo, na ndiyo maana trekta lililowashwa kabla ya mgeni kufika ni mbuzi kwenye gunia. Baada ya kuwaka, moshi usomwe kwa utulivu: mweupe kidogo unaokwisha injini inapopata moto si tatizo, mweusi unapovutwa mzigo waweza kutokana na nozeli au chujio la hewa lililoziba, lakini wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Kisha bomba la pumzi la injini, lile linalotoa hewa ya ndani ya kareta, yaani kasha la chini la injini, lichunguzwe. Likipuliza kwa nguvu mfululizo, ringi na layina zimekwisha, na mnunuzi ahesabu gharama ya ovahoo ndani ya bei.

Sehemu inayosema ukweli kuliko zote kuhusu malezi ya trekta ni chujio la hewa. Matrekta mengi ya zamani hutumia chujio la oili, ambalo chini yake lina bakuli linaloshikiliwa kwa klipu au skrubu, na hewa inayoingia hupitishwa juu ya oili ili vumbi linase humo. Bakuli hilo lifunguliwe. Likikutwa na oili safi kwenye alama yake, mwenye trekta alikuwa mtu wa kujali; likikutwa kavu au limejaa tope gumu, injini imekuwa ikimeza vumbi, na vumbi la kiangazi huzila ringi na silinda kwa kasi ya kutisha. Ni kazi ya dakika tano tu, na inashangaza jinsi inavyorukwa na watu wanaotoa mamilioni. Oili ya injini nayo itazamwe kwenye kijiti chake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ama kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua ama kwa bloku iliyopasuka. Mita ya saa za kazi isiaminiwe, kwa kuwa nyingi zimekufa au zimebadilishwa. Uchakavu wa pedali na upana wa tundu la kufungia tela vina ushahidi wa kuaminika zaidi.

Haidroliki, yaani mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaonyanyua zana nyuma ya trekta, ipimwe kwa mzigo halisi. Plau inyanyuliwe juu, injini izimwe, na kimo chake kitazamwe kwa robo saa: ikishuka taratibu, sili zimechoka na zinabadilishika, ikishuka mara moja, au ikipanda kwa kuruka-ruka, tatizo laweza kuwa kwenye pampu, ambayo katika MF imo ndani ya tumbo la trekta na kuifikia ni kazi. Shafti ya PTO, inayopeleka mzunguko wa injini kwenye mashine kama ya kupukuchulia, ifungwe na izungushwe hadi mwendo wake wa kawaida wa mizunguko 540 kwa dakika, na gia zote zijaribiwe kwa mzigo, ya kurudi nyuma ikiwemo. Ekseli ya mbele inyanyuliwe kwa jeki na magurudumu yatikiswe, kwani pini zilizolika huzitafuna tairi. Za nyuma zitazamwe pia kwa nyufa za jua, kwa sababu jozi mpya yaweza kula sehemu kubwa ya bei ya trekta lenyewe.

Hati nazo zina umuhimu wake. Namba za chesisi na injini zilingane na zile za kadi ya usajili, na kadi ihakikiwe TRA, maana trekta kuukuu huenda limebadilishwa injini au limewekwa rehani kwa mkopo. Likiwa ni mali ya kikundi au chama cha ushirika, mnunuzi aone muhtasari wa kikao kilichoridhia kuuzwa kwake.

Lipo jambo ambalo halijadiliwi sana wakati wa kupatana bei, nalo ni maisha ya watu. Matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva yanapopinduka, na mengi yamepoteza kava la shafti ya PTO, ambayo ikinasa kanga, suruali au koti la mvua humvuta mtu kabla hajapiga kelele. Kava hilo lirudishwe kabla ya kazi ya kwanza, breki za kulia na kushoto zirekebishwe zishike sawasawa, mzigo ufungwe kwenye upau wa chini wa kuvutia na kamwe usifungwe juu yake, kwa kuwa ukifungwa juu trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva, na watoto wasipandishwe kwenye madigadi hata kwa safari fupi ya kutoka shambani hadi nyumbani.

Kwa mkulima wa Ngerengere mwenye ekari zaidi ya ishirini, au mwenye chache lakini akiwa na majirani wa uhakika wa kuwalimia, MF 165, 265 au 275 lenye injini nzuri na rangi mbaya ni chaguo bora kuliko trekta kubwa la jina geni lililopakwa rangi mpya. Akienda kulikagua, aende na fundi wake mwenyewe, amlipe ujira wa siku iwe biashara imefanyika au haikufanyika, ili fundi huyo asiwe na sababu ya kutaka trekta linunuliwe, na abakize walau theluthi ya fedha zake kwa matengenezo ya mwanzo. Mwenye ekari chini ya kumi na asiye na wateja aendelee kukodi, lakini amlipe mwenye trekta sehemu ya malipo mapema, kabla ya mvua, ili awe wa kwanza kwenye foleni.