KWA NINI WENGINE WALIKATAA SINDANO?



Mwezi wa Septemba 2018, Ebola ilipokuwa kwetu, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mtu mmoja kwa kila wanne alisema Ebola haiko. Ni ujinga? Hapana. Tangu 2014 watu wa Beni walikuwa wanazika ndugu zao waliouawa, na msaada hawauoni. Utafiti ulionyesha kwamba wasioamini viongozi, mara nyingi ndio waliosema hawatakubali chanjo. Mpaka Juni 2020 ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200.

Basi dawa peke yake haitoshi. Mtu asikilizwe kwanza. Nasi tukifika nyumbani, mama akiwa na mashaka, tusimcheke. Tumsikilize, halafu tumweleze polepole.